Nani alirithi bahari? Kisa cha EAMFRO, taasisi iliyogawanywa mwaka 1977

Ukitoka bandarini Unguja ukaifuata barabara ya Mizingani kwa miguu kuelekea Forodhani, bahari inakuwa mkono wako wa kulia muda wote: majahazi, boti za Pemba na za Dar es Salaam, vijana wanaojirusha majini jioni. Kwenye ukingo huo ndipo lilipokuwa Shirika la Utafiti wa Uvuvi wa Bahari la Afrika Mashariki, ambalo wakubwa wetu walilijua kwa kifupisho chake cha Kiingereza, EAMFRO. Lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 na likafa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyolilea.

Mahali pake palichukuliwa na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, IMS. Mombasa, upande wa Mkomani, iko KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi. Dar es Salaam iko TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania. Zote tatu zilizaliwa ndani ya miaka mitatu baada ya kifo kile, na kila moja ilipewa sheria yake, bosi wake na mlango wake wa kuombea fedha. Katika mgao huo, serikali ziligawana majengo, watu na vyombo. Kazi yenyewe ya kuutazama ukanda mzima wa bahari kama kitu kimoja haikuandikwa katika wosia wa mtu yeyote. Nadhani hilo ndilo kosa la uongozi lililotugharimu kuliko yote tuliyoyafanya katika sayansi ya bahari, na bado tunalilipia.

Ilivyokuwa kabla

EAMFRO iliundwa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, chombo cha kikoloni kilichoanzishwa mwaka 1948 kusimamia huduma za pamoja. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa J.F.G. Wheeler, Mwingereza aliyekuwa ametoka kupima uvuvi wa Mauritius na Shelisheli mwaka 1948 na 1949 akiwa na F.D. Ommanney. Wengine walifuata: Francis Williams aliandika juu ya samaki wa maji ya juu, jodari na nduaro na jamii ya vibua, J.F.C. Morgans alipima samaki wa chini kwenye miinuko ya bahari kaskazini mwa Kenya, B.S. Newell akashughulika na maji yenyewe, joto lake, chumvi yake na mwendo wake. Miaka ya 1960 chombo chao cha utafiti kilikuwa Manihine.

Sitaki kuipamba. Ilikuwa taasisi ya kikoloni, ikiongozwa na watu wa mbali, na manahodha waliowaonyesha mabwana wale mahali pa samaki hawakuandikwa majina. Lakini tazama jambo moja katika kazi ya Newell. Mkondo wa pwani yetu, mbele ya Tanzania, huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi hupata nguvu na kuendelea hadi Somalia. Wakati wa kaskazi hulegea, ukakutana na mkondo wa Somalia unaoteremka, na makutano yao huwa mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya. Huwezi kuyaelewa maji ya Lamu kwa kukaa Lamu, wala ya Mombasa kwa kukaa Mombasa. Lazima mtu apime kuanzia chini, Mafia na Unguja, apande nayo. Wavuvi wa dago, wanaohama na msimu na kupiga kambi pwani za mbali, walilijua hilo kwa miili yao karne nyingi kabla ya kipimajoto. Taasisi yenye mamlaka ya kupima kutoka Mtwara hadi Kiunga bila kumwomba mtu ruhusa ililingana na maji inayoyachunguza, na katika sayansi ya bahari ulingano huo ni nusu ya kazi.

Utawala wake ulibadilika majina: kutoka Kamisheni Kuu kwenda Shirika la Huduma za Pamoja mwaka 1961, kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mkataba uliosainiwa Kampala Juni 1967 na kuanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo. Baada ya hapo hata Uganda, isiyo na pwani, ilikuwa mwenye mali. Mkurugenzi aliwajibika kwa Jumuiya. Hakuna afisa uvuvi wa nchi moja aliyeweza kumpigia simu asubuhi kumwambia aache alichokuwa akifanya akahesabu leseni zake.

Huo ulikuwa uhuru wa kweli, na ndio uliokuwa udhaifu. Taasisi isiyo ya wizara yoyote haina waziri wa kuipigania. Huduma za utafiti za Jumuiya zilitawanywa ili kila nchi ipate kitu: kilimo na mifugo Muguga, samaki wa maji baridi Jinja, malaria Amani, virusi Entebbe, malale Tororo, viuatilifu Arusha, bahari Zanzibar. Ulikuwa mgawo wa haki, ila kila mwenyeji alijifunza polepole kusema "hii iliyoko kwangu ni yangu", na hakuna aliyezoea kusema hivyo juu ya ile iliyoko kwa jirani.

Juu ya yote ilikaa Mamlaka, yaani marais watatu. Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Mamlaka haikukutana tena. Kwa mtu wa maabara jambo hili linaweza kuonekana la mbali, siasa za wakubwa. Lakini kila uamuzi uliohitaji kauli ya juu kabisa ulikosa pa kwenda kwa miaka sita. Taasisi haikufa siku mkataba ulipokwisha. Ilianza kudhoofika siku kikao cha juu kilipoacha kufanyika, huku mishahara ikiendelea kuingia na mlango wa ofisi ukifunguliwa kila asubuhi.

Mwaka 1977 mambo yalikwenda haraka. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likaanguka, Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na ilipofika tarehe 30 Juni hapakuwa na bajeti ya mwaka mpya. Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983.

Warithi watatu, sheria tatu

Zanzibar ndiyo iliyopata suluhisho mapema. Mwaka 1978 jengo la Mizingani na kazi yake vilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho chenyewe kilikuwa kipande cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichovunjwa mwaka 1970. Kwa nini chuo, na siyo wizara ya uvuvi? Soma orodha ya mambo ya Muungano: elimu ya juu imo, utafiti umo, uvuvi haumo. Taasisi ya uvuvi ya serikali ya Muungano kukaa Unguja kungezua swali la mamlaka ambalo hakuna aliyetaka kulijibu wakati ule. Taasisi ya chuo haikuzua swali hilo. Naliona kama uamuzi wa busara, na uliiokoa taasisi. Ila uliigeuza asili yake: kutoka chombo cha kupima bahari kwa ajili ya serikali, ikawa idara ya kufundisha na kuchapisha.

Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1979, ndani ya Sheria ya Sayansi na Teknolojia, na KMFRI ikawa shirika la umma lenye bodi. Tanzania Bara ikafuata kwa Sheria Namba 6 ya 1980 iliyoiunda TAFIRI. Kwa hiyo kutoka Juni 1977 kuna mwanya wa takriban miaka miwili upande mmoja na mitatu upande wa pili kabla mtu hajajua kisheria yeye ni mtumishi wa nani. Mtu wa takwimu za samaki ataelewa uzito wake. Mwezi usiopimwa haurudi.

Kuna jambo la pili lililofanywa katika sheria hizo mbili ambalo husemwa kidogo mno. EAMFRO ya bahari na EAFFRO ya Jinja ya maji baridi zilikuwa mashirika mawili. KMFRI na TAFIRI zilirithi vyote viwili, kila moja ndani ya mipaka yake: Kisumu na Mwanza zikaingia chini ya bodi moja na Mombasa na Dar es Salaam. Kwenye karatasi inapendeza, taasisi moja, samaki wote. Halafu miaka ya 1980 sangara akajaa Ziwa Victoria, viwanda vya minofu vikasimama, ndege za mizigo zikaanza kupakia Mwanza. Mwaka 1997 na 1999 Ulaya ilipofunga soko kwa samaki wa ziwa hilo, mawaziri hawakulala. Bodi yenye mfuko mmoja na wajumbe wanaoulizwa bungeni juu ya sangara itapeleka macho yake wapi? Siwalaumu. Maelfu ya ajira yalikuwa pale. Ninachosema ni kwamba bahari ilifungwa kamba moja na ziwa lenye nguvu kuliko yenyewe, na hakuna aliyeweka kasma inayosema fungu hili ni la bahari, lisiguswe.

Machi 1984

Ninapotaka kumwonyesha mtu kwa ufupi tulichopoteza, humsimulia habari ya meli ya Norwei, Dr. Fridtjof Nansen. Meli hiyo ilipima samaki wa Kenya kati ya 1980 na 1983, na ikapima wa Tanzania mwaka 1982 na 1983. Meli ile ile, vyombo vile vile vya kusikiliza chini ya maji, wataalamu wa taasisi ile ile ya Bergen, mkondo ule ule. Matokeo yakajadiliwa katika semina mbili, zote za Machi 1984: moja Mbegani, karibu na Bagamoyo, kwa ajili ya samaki wa Tanzania, nyingine Mombasa, kwa ajili ya samaki wa Kenya. Kitabu cha semina cha huku, kitabu cha semina cha kule.

Miezi miwili baadaye, tarehe 14 Mei 1984, ukasainiwa Arusha mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya, baada ya kazi ndefu ya msuluhishi Mswisi Victor Umbricht. Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mabehewa yaligawanyika, majengo yalithaminiwa, madeni yalihesabiwa. Wataalamu wa fedha walifanya kazi yao vizuri kiasi kwamba nchi tatu zilizokuwa hazisemeshani zilikubali. Lakini aliyehitajika Arusha siku ile ni mtu mmoja wa bahari wa kuuliza: vipimo vya pamoja je, nani ana wajibu wa kuviendeleza? Wakuu wa taasisi mpya walikuwa wachanga kazini, kila mmoja akipigania kasma yake ya kwanza, na swali la namna hiyo huulizwa na mwenye mamlaka nalo. Hakukuwa na mwenye mamlaka nalo tena.

Meza ya mkurugenzi

Sasa tuje kwenye uongozi wa siku hadi siku, maana sheria ni mifupa tu.

Mkuu wa taasisi ya chuo ni mwanazuoni aliyeazimwa kwa muhula. Atarudi maabara na darasani, na wenzake anaowaongoza leo watampigia kura kesho kwenye kamati ya vyeo. Mtafiti wake hupanda cheo kwa machapisho, kwa hiyo atachagua swali linalokwisha ndani ya miaka mitatu na kuchapishika. Fedha kubwa ya utafiti haikutoka hazina. Kwa IMS, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Sweden ilibeba mzigo mkubwa kupitia ushirikiano wa sayansi ya bahari. Ndiko walikosomeshwa shahada za uzamivu wengi wa wale ambao leo ndio majina yetu makubwa. Naheshimu sana fedha ile. Lakini ratiba ya mfadhili ni ratiba ya mradi, na mradi una mwisho.

Mkuu wa shirika la umma ana shida nyingine. Bodi yake ina watu wa wizara na wa hazina, mwenyekiti huteuliwa na ngazi ya juu serikalini, na wizara mama haitulii mahali pamoja. Kenya mwaka 2008 iliunda wizara ya maendeleo ya uvuvi peke yake, mwaka 2013 uvuvi ukaingizwa pamoja na kilimo na mifugo, na baada ya uchaguzi wa 2022 ukaenda na madini na uchumi wa buluu. Tanzania nayo ilitoa uvuvi maliasili na utalii ikaupeleka kwa mifugo, ikauunganisha na kilimo mwaka 2015, ikautenga tena na mifugo mwaka 2017. Kila mara hiyo mkurugenzi huanza upya: maelezo kwa waziri mpya, ziara ya katibu mkuu mpya, mpango mkakati uandikwe upya ufanane na kaulimbiu mpya. Miezi sita inakwenda. Na mkuu mwenyewe, akiwa kaimu, hathubutu kusaini jambo la miaka kumi.

Halafu ipo meli. Mwaka 2012 Flanders, jimbo la Ubelgiji, iliistaafisha meli yake ya utafiti Zeeleeuw baada ya kupata mpya, Simon Stevin, na ile ya zamani ikakabidhiwa Kenya ikapewa jina Mtafiti. Meli ya mita 56, yenye maabara ndani. Ilikuwa zawadi ya heshima kutoka kwa rafiki wa siku nyingi, maana Wabelgiji walikuwa wakisaidia sayansi ya bahari Mombasa tangu miaka ya 1980. Lakini yeyote aliyewahi kumiliki hata mashua anajua kinachokula fedha. Meli hula ikiwa imefungwa gatini: mabaharia wenye vyeti, bima, cheleza, vipuri, rangi, na ikitoka, dizeli. Katika lugha ya bajeti zetu hayo yote ni matumizi mengineyo, fungu la kwanza kukatwa mwaka ukiwa mbaya, kwa sababu mishahara haikatwi. Kwa hiyo mkuu wa taasisi yoyote yenye meli hukaa na kalamu mkononi akichagua: wiki moja baharini, au vijana kumi wa kukusanya takwimu madikoni, pale mashua zinapoteremshia samaki, mwaka mzima? Bodi inayopokea chombo bila kudai, siku hiyo hiyo na kwa maandishi, fungu la kukiendesha kwa miaka kumi, huwa imesaini deni. Ningependa kila mjumbe wa bodi ya taasisi ya bahari alale usiku mmoja juu ya swali hilo kabla ya sherehe ya kukata utepe.

Pamoja na yote hayo, mambo makubwa yamefanyika, na ukiyaangalia utaona yana sura moja. Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, KMFRI imekuwa ikichunguza na kupanda mikoko kwa miongo mitatu. James Kairo na wenzake walikaa na msitu ule mmoja, wakajua mti unaongezeka kiasi gani na udongo unashika nini, hata mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaweza kuuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja na kupeleka fedha kwenye maji na shule. Unguja, kilimo cha mwani kilichotokana na utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na baadaye Flower Msuya wa IMS akakaa na wakulima, wengi wao akina mama, kwa miaka na miaka: mwani wa aina ya kotonii ulipoanza kufa maji ya kina kifupi yalipochemka, ndiye aliyeshughulika na nyavu za kulimia maji ya kina kirefu zaidi na kuongeza thamani ya zao.

Kilichofanikisha huku na kule ni kwamba uongozi, kwa kukusudia au kwa bahati, ulimwacha mtu na kazi yake. Wakurugenzi walibadilika, wizara zikabadilika, mfadhili mmoja akaondoka akaja mwingine, mtu akabaki palepale. Ila zote mbili ni kazi za mahali pamoja: ghuba moja, ufukwe mmoja. Mtu mmoja mvumilivu anaweza kuishikilia ghuba. Bahari kutoka Ruvuma hadi Lamu haishikiliki hivyo, kwa sababu kila unapofika Vanga unakuwa umetoka kwenye sheria yako.

Asubuhi ya diko

Nenda Vanga ujionee. Ng'ambo ya mikoko kidogo tu ni Jasini, Tanzania. Asubuhi maji yakiwa yamejaa, mashua zinaingia na samaki wa usiku. Mkusanya takwimu ana ubao wa kupimia wenye sentimita, penseli, kwa sababu kalamu ya wino hulowa ikafutika, na fomu. Ana dakika chache, maana mchuuzi ameshafika na barafu inayeyuka. Anamlaza samaki ubaoni, pua kwenye kizuizi, anasoma hadi panda ya mkia, anaandika, anachukua mwingine. Akishapima ishirini nahodha anamwambia basi, inatosha.

Samaki yule wa majani, mwenye miba ya sumu mgongoni, upande wa Kenya ataandikwa tafi, na angepelekwa Tanga au Unguja angekuwa tasi. Mtego aliokamatwa nao huku ni lema, kule ni dema. Hayo ni matamshi, mtu anayejua lugha hayamsumbui. Linalosumbua ni kwamba fomu ya huku na ya kule hazikuundwa kukutana: hii inaenda Mombasa na Nairobi, ile inaenda Dar es Salaam na Dodoma. Na nahodha mwenyewe huenda ni Mpemba, ambaye babu yake alikuja dago akabaki. Kenya iliwatambua Wapemba wake kuwa jamii ya nchi hiyo mwaka 2023 tu, baada ya kuishi Kwale na Kilifi vizazi kadhaa. Watu hao ndio waliobaki wakiutazama ukanda mzima kama kitu kimoja wakati sayansi yetu ilipoacha. Hakuna bodi hata moja kati ya zile tatu iliyoundwa kwa kuwafikiria wao.

Ziwa lilirudi, bahari haikurudi

Mtu anaweza kuniambia kwamba haya ni ya kale, nchi zimeshapatana. Ni kweli zimepatana, na ndipo inaposhangaza. Juni 1994, miaka mitano kabla ya mkataba mpya wa Jumuiya, Kenya, Uganda na Tanzania zilikutana Kisumu zikaunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria. Makao yake yakawekwa Jinja, mji ule ule wa EAFFRO. Ziwa lilivunjiwa taasisi yake mwaka 1977 na baada ya miaka 17 likarudishiwa, katika sura ya kisasa: kila nchi ina taasisi yake, na juu yao kuna chombo chenye wajibu wa kupima pamoja, kwa njia moja, na kuzipa nchi zote takwimu zile zile. Sangara alikuwa na thamani ya kutosha kuwakalisha mawaziri.

Bahari haikupata mkutano wa namna hiyo. Ilichopata ni wanasayansi wenyewe. Mwaka 1993 walianzisha WIOMSA, jumuiya ya sayansi ya bahari ya Bahari ya Hindi Magharibi, makao yake Zanzibar, na imewakutanisha watu, imetoa jarida, imegawa ruzuku kwa miradi inayovuka mipaka. Katika wasomi wa bahari wa kizazi changu ni vigumu kumpata ambaye haijamgusa. Kisha ikaja miradi ya kanda, kama ule mkubwa wa uvuvi wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ulioratibiwa kutoka KMFRI Mombasa kati ya 2008 na 2013, wa nchi tisa. Kwa miaka hiyo mitano nchi zilipima pamoja tena. Muda wa mradi ulipokwisha, uratibu ukaisha nao. Jumuiya ya wataalamu inaweza kufanya mengi, lakini haiwezi kumwamuru mtu kutoka na meli mwezi wa saba kila mwaka kwa miaka thelathini. Hilo ni jukumu la dola.

Leo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina pwani ndefu kuliko wakati wowote. Somalia ilikamilisha uanachama Machi 2024 na kuleta zaidi ya kilomita 3,000 za ufukwe, pamoja na ule mkondo unaoteremka kukutana na wetu wakati wa kaskazi. Katika taasisi za Jumuiya iko ya usalama wa anga, iko ya Kiswahili, iko ya vyuo vikuu, ziko mbili za Ziwa Victoria. Ya bahari haipo.

Sidhani tunahitaji kusubiri marais. KMFRI, TAFIRI, IMS na taasisi ya uvuvi ya Zanzibar, ZAFIRI, zina wakuu wanaofahamiana kwa majina ya kwanza. Wengi walisoma pamoja, wengine walifundishana. Bodi zao zinaweza kuanza na jambo dogo lenye tarehe: mstari mmoja wa vituo vya kupimia kutoka Vanga kukatiza hadi mashariki ya Pemba, upimwe mara mbili kwa mwaka, kusi ikiwa imekolea na kaskazi ikiwa imekolea. Chombo cha Kenya mwaka huu, cha Tanzania mwaka ujao. Fomu moja ya dikoni kwa Vanga, Shimoni, Jasini na Moa, yenye nafasi ya kuandika tafi au tasi vyovyote mpimaji anavyoita. Kasma ya dizeli na posho ya wapimaji iandikwe kwenye bajeti ya kawaida ya kila taasisi, isiwe ya mradi, na nakala ya takwimu ikae pande zote mbili tangu siku ya kwanza. Ruhusa ya chombo kuvuka mpaka iombwe sasa, kwa barua moja yenye sahihi nne, na iombwe ya miaka kumi. Kusi ijayo itaanza kuvuma Aprili.